Bosi kaleta sare mpya ya kisketi anasema tipu zitaongezeka, wahudumu na wateja wa Chuga naomba maoni yenu

Binti_Ngaramtoni

Habari za mida hii wadau. Mimi ni mhudumu hapa Arusha, mgahawa wenye baa kwa nyuma, sitautaja, huu ni mwaka wangu wa tatu pale. Naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo linaninyima usingizi.

Tangu nimeanza kazi sare yetu ilikuwa shati jeupe, suruali nyeusi, aproni ya kahawia na raba nyeusi. Wiki mbili zilizopita bosi kaja na mfuko, akagawa visketi vyeusi vya kubana vinaishia juu ya magoti, ukiinama kupanga sahani ndio usiseme, na topu nyekundu, halafu akasema kila msichana ajitafutie viatu vya kisigino. Wavulana wao wamebaki na suruali na shati lao, wameongezewa tai tu. Tulipouliza kulikoni akasema kasoma kwenye simu kwamba Ulaya walifanya utafiti, mhudumu akivaa nyekundu wateja wanatoa tipu zaidi, kwa hiyo hii ni kwa faida yetu. Na kwa kuwa ni kwa faida yetu basi tunakatwa elfu 65 kwenye mshahara, nusu mwezi huu nusu mwezi ujao.

Sasa mimi tipu zangu huwa naziandika kwenye kidaftari kila usiku kabla sijalala, mama alinizoesha kuandika hela hata ya nyanya. Siku za kawaida Jumanne Jumatano napata 3,000 au 4,000, siku nyingine sipati kitu. Ijumaa hadi Jumapili ni 8,000 mpaka 12,000 kwa siku, kasoro masika. Ijumaa ya kwanza na hiyo sare nilipata 23,000. Siwezi kuwadanganya, iliongezeka kweli. Ila elfu 10 kati ya hiyo ilitoka kwa mzee mmoja wa meza za nje, nilikuwa nimebeba trei ina bakuli mbili za supu ya moto na chupa nne, mikono yote imejaa, yeye akaikunja noti akanichomeka mwenyewe kiunoni kwenye kisketi, wenzake mezani wakacheka. Ningefanya nini, nikiachia trei supu inamwagikia watu. Nikatembea nayo hivyohivyo mpaka kaunta, nikaweka trei, nikaingia stoo nikalia. Noti yenyewe nimeiandika kwenye daftari lakini mpaka leo sijaitumia.

Jumapili mambo yakawa kinyume. Jumapili mchana tunapata familia zimetoka kanisani, hao ndio wateja wangu, nawajua mpaka nani hali pilipili na nani anataka chipsi kavu. Kuna mama mmoja anakuja na wanawe watatu, siku zote ananiachia 2,000 au 3,000. Siku hiyo akanitazama juu mpaka chini, akamwita kaka tunayefanya naye kazi ndio amhudumie. Hakunisema vibaya, ila nilitamani ardhi ipasuke. Siku nzima nikapata 3,500.

Na visigino sasa. Kutoka jikoni kwetu kuna ngazi tatu, sakafu ni vigae, mvua ikinyesha wateja wanaingia na matope na maji. Shifti inaanza saa 5 asubuhi, naondoka saa 4 usiku. Nikifika nyumbani naloweka miguu kwenye beseni.

Nauliza mambo matatu. Nyie wateja tipu mnatoa kwa sababu gani hasa, ni nguo? Bosi ana haki ya kunikata hela ya sare ambayo sikuiomba? Na wahudumu wenzangu yaliyowakuta haya mlifanyaje? Kazi naihitaji, nina mdogo wangu yuko kidato cha tatu namsomesha mimi.

---

chalii_wa_sakina

Pole sana dada, hiyo ya noti kiunoni imeniuma, ningekuwa meza ya jirani ningemwambia yule mzee maneno.

Nikujibu kama mteja. Mimi natoa tipu kwa mtu anayenikumbuka. Kuna sehemu nakula mchana, dada wa pale akiniona tu naingia anajua chai ya tangawizi isiyo na sukari na chapati mbili, hata sijakaa. Huyo namwachia buku kila siku na mwisho wa mwezi elfu 5, na sikumbuki huwa anavaa nini. Halafu kuna ile bili ikichelewa, mtu unaita dada, dada, dada, yuko kaunta anachati, huyo hata avae nguo ya harusi chenji yangu naisubiri mpaka mia ya mwisho.

Ila niwe mkweli, zamani nikiwa sijaoa nilikuwa natoa elfu 5, elfu 10 kwa mabaamedi niliowatamani, na baada ya hapo nilikuwa naomba namba. Ile haikuwa tipu. Nilikuwa natoa ili nidai kitu, na nadhani yule mzee wako yuko hukohuko, ukichukua ya leo kesho atakuja anadai. Kwa hiyo kwenye hilo daftari lako andika pembeni hela imetoka kwa nani na alitaka nini, utaona kisketi kinakuletea hela ya aina gani.

Kingine kinachoua tipu siku hizi ni lipa namba. Zamani bili ni 17,500 unatoa noti mbili za elfu kumi, unasema chenji kaa nayo. Sasa hivi mtu anabonyeza 17,500 kamili anaondoka, na hata akiongeza inaingia kwenye simu ya bosi. Bosi wako kama kweli anataka mpate tipu angeanzia hapo, aweke utaratibu kwamba kilichozidi kwenye bili jioni mnahesabiwa mnapewa.

---

Kijenge_Juu

Nitaongea tofauti kidogo na msinishambulie. Nimewahi kuendesha baa miaka sita. Biashara ya baa ni ushindani, mtaa mmoja una baa nne, bia ni ileile, bei ileile, nyama choma ileile, mteja anachagua kwa macho. Sare ya kuvutia inaleta watu na watu wakija hata tipu inakuja, yeye mwenyewe kasema Ijumaa alipata 23,000 badala ya 12,000. Bosi naye ana kodi ya pango, ana leseni, umeme, mishahara ya watu, analala hajui kesho itakuwaje. Mhudumu nadhifu aliyependeza ni sehemu ya huduma. Ila kukata mshahara hapana, mimi nilikuwa nanunua mwenyewe. Na mteja akishika mtu unamtoa nje, hata awe ndiye anayenunulia baa nzima, hilo nilikuwa silipindi.

---

Mama_Mtori

Binti yangu shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika. Niko Moshi, nina mgahawa mdogo Majengo, napika mtori (supu nzito ya ndizi na nyama), machalari, supu, ndizi nyama, makande siku ya Jumatano. Nina wasichana wanne na kijana mmoja.

Huyo wa Kijenge nimemsoma na ninamheshimu kwa hilo la kumtoa mteja nje, wengi hawathubutu. Lakini kupendeza na kuachwa uchi ni vitu viwili. Wasichana wangu nawashonea gauni la kitenge la mikono mifupi linafika chini ya goti, aproni juu, kilemba cha rangi hiyohiyo ili nywele zisiingie kwenye chakula, kucha fupi. Kila mmoja pea mbili, moja inavaliwa moja iko kwenye kamba. Fundi nalipa mimi, vitenge nanunua mimi, maana ile ni sura ya mgahawa wangu, akiacha kazi kesho gauni linabaki kwangu. Sasa nimdai yeye hela ya sura yangu kwa lipi? Wateja wananiambia mama wasichana wako wamependeza, na wamejaa kila mchana.

La viatu nakuomba sana usilichukulie kwa wepesi. Mwaka juzi nilikuwa na binti alikuja kazini na ndala kwa kuwa raba zake zilikuwa hazijakauka, nikamwachia nikasema siku moja tu. Akateleza mlangoni mwa jiko na sufuria ya mtori. Wanaopika wananielewa, chai ikikumwagikia inateremka, mtori unashika. Unakaa kwenye ngozi unaendelea kuunguza na ukiufuta unatoka na ngozi. Mguu wake kuanzia goti mpaka kwenye kifundo. Tulihangaika naye wiki tano. Tangu siku hiyo kiatu cha kufunga cha soli ya mpira nanunua mimi, nakata kwenye faida yangu, na asiyekivaa haingii jikoni. Mtu anayemwambia msichana abebe supu ya moto juu ya ngazi na vigae akiwa kwenye visigino hajawahi kubeba supu.

Tipu kwangu tumeweka hivi. Ukipewa mkononi ni yako. Ya kwenye kiboksi tunafungua Jumamosi jioni mbele ya wote, inagawanywa mpaka kwa mama anayeosha vyombo, maana mteja hamwoni lakini sahani safi ameiona. Wiki nzuri kila mtu anaondoka na elfu 9 au 10. Si nyingi, ila hakuna anayemnunia mwenzake.

---

Dereva_wa_Nyika

Mimi naendesha watalii, kabla ya hapo nilikuwa weita kwenye lodji miaka minne, nilianzia kuosha glasi. Ngoja niongelee huo utafiti maana bosi wako kausoma nusu.

Upo kweli, wa Wafaransa wawili, Nicolas Guéguen na Céline Jacob, 2012. Waliwavalisha wahudumu wa kike fulana za rangi sita, fulana za kawaida tu, nyeusi, nyeupe, nyekundu, bluu, kijani na njano. Kwenye nyekundu wateja wanaume walitoa tipu zaidi, kama asilimia 14 mpaka 26, na wateja wanawake haikubadilisha kitu. Hakuna aliyevaa kisketi, hakuna kisigino. Na huyo Guéguen tafiti zake kadhaa zilikuja kutiliwa shaka na watafiti wenzake, kwa hiyo hata hiyo asilimia mimi nisingeikatia mtu mshahara.

Yupo mwingine wa Marekani, Michael Lynn wa Chuo Kikuu cha Cornell, huyo kazi yake miaka mingi ni kuchunguza tipu tu. Yeye aligundua jambo ambalo liliniuma nilipolisikia mara ya kwanza, kwamba uhusiano kati ya huduma nzuri na ukubwa wa tipu upo lakini ni mdogo. Mteja anatoa kwa mazoea ya kwao, kwa ukubwa wa bili, na kwa kujisikia ameonwa kama mtu. Vitu kama kutaja jina lako, kuchuchumaa kidogo ili macho yenu yawe sawa na mgeni wakati unachukua oda, kuandika asante kwa mkono kwenye bili. Hivyo nilivijaribu mwenyewe lodji. Kujitaja jina kunafanya kazi sana kwa wageni, mgeni akishajua unaitwa nani kesho asubuhi anakuita kwa jina na akiondoka anakutafuta.

Na mazoea ya kwao ndio kila kitu. Mmarekani anaacha asilimia 15 mpaka 20 bila kufikiria kwa sababu kwao mhudumu anaishi kwa tipu, kima cha chini cha serikali kuu kwa mtu wa tipu ni dola 2.13 kwa saa tangu 1991 na hakijapanda. Mfaransa kwao huduma iko ndani ya bili, akikuachia sarafu kaona inatosha. Mjapani kwao tipu haipo kabisa, atakuinamia kwa heshima ataondoka, usinune, hajakudharau. Sisi Wabongo tunatoa ya soda, hatupigi asilimia. Hakuna hata mmoja kati ya hao atakayebadilika kwa ajili ya sentimita kumi za sketi.

Halafu kwenye suala la visigino, huko Kanada jimbo la British Columbia walipiga marufuku 2017 mwajiri kumlazimisha mtu avae visigino kazini, sababu ni hatari ya kuteleza na kuumia. Mama Mtori kasema jambo hilohilo akiwa Majengo.



---

Mstaafu_Kaloleni

Binti yangu, nimefanya kazi ya chama cha wafanyakazi miaka mingi kabla ya kustaafu. Nakujibu swali la pili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka 2004, kifungu cha 28 kinaongelea makato. Mwajiri hakati mshahara wako kwa kutaka tu. Lazima kuwe na sheria inayoruhusu, au makubaliano ya pamoja, au hukumu, au wewe mwenyewe umekubali kwa maandishi kukatwa deni. Je ulisaini karatasi yoyote? Kama hukusaini basi hiyo 32,500 hana msingi nayo. Na wale mnaokatwa glasi zikivunjika au mteja akikimbia na bili, nalo lina utaratibu. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, upewe maandishi yanayosema ni kiasi gani na kimepatikanaje, upewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Ninyi vijana mnakatwa glasi tatu mwezi mzima mnanyamaza kwa sababu mmezoea.

Hilo la noti kiunoni kifungu cha 7 kinasema unyanyasaji wa mfanyakazi ni aina ya ubaguzi, na mwajiri ana wajibu wa kuuondoa mahali pa kazi. Na kama wavulana wameachiwa suruali na wasichana wamevuliwa, hilo nalo lina la kujibu.

Usianze na ugomvi. Nendeni wote kwa pamoja, mwongee kwa adabu, mwombe majibu, muandike barua nakala mbaki nayo. Ikishindikana kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA, Arusha wapo. Kwa mgogoro usiohusu kufukuzwa kazi mna siku 60, kwa kufukuzwa ni 30, msizipitishe. Na chama cha wafanyakazi wa hifadhi, mahoteli, majumbani na kwingineko kipo, CHODAWU, mkijiunga kumi hamtishwi kama mmoja. Hilo daftari lako usilitupe.

---

Wifi_wa_Rau

Mimi ni yule mama wa Jumapili. Si yule wa kwako, ila nimefanya hivyohivyo. Tulikuwa na watoto na mama mkwe, dada kaja kavaa nguo imepanda, nikaona aibu nikamwita kijana. Sikuwahi kufikiria kwamba yule dada hakuichagua ile nguo. Naumia kusoma hapa. Wanawake wenzangu tukikuta hali hiyo tusimwadhibu mhudumu, mwacheni ahudumu, mpeni tipu yake, halafu mwite meneja umwambie nguo hii inatukera sisi wateja. Meneja anasikia mteja, msichana hasikiwi.

---

Binti_Ngaramtoni

Jamani asanteni, nimesoma zote na nimewasomea wenzangu kwenye chumba cha kubadilishia. Karatasi hatukusaini mzee wangu, hakuna aliyesaini.

Leo ni siku ya tisa tangu niandike. Jumatatu tulienda kwa bosi, ambaye ndiye meneja wetu, wasichana wote watano, na wavulana wawili wakajiunga wenyewe bila kuombwa. Nilibeba daftari. Nikamwonyesha wikiendi mbili, Ijumaa hadi Jumapili, nikamwambia bosi kaka, angalia mwenyewe, jumla ya wikiendi ya kisketi ni 34,000, ya suruali ni 31,000, tofauti ni 3,000 na kati ya hizo 34,000 kuna elfu kumi ambayo sikuitaka. Na familia za Jumapili zimeagiza meza chache. Hilo la mwisho ndio lilimfanya avute kiti akae. Dada wa kaunta akamwambia kwamba meza mbili za siku za kuzaliwa zilihamishwa.

Tumekubaliana hivi: topu nyekundu inabaki, suruali nyeusi inarudi, raba zinarudi, kisketi avae anayetaka na hakuna aliyetaka. Lipa namba wanajaribu wiki hii, kilichozidi kwenye bili kinaandikwa pembeni na tunapewa tukifunga. Jana nimepata 4,500 kwa njia hiyo ambayo zamani ningeikosa. Makato ya mwezi ujao yamefutwa. Hii 32,500 iliyokwisha katwa kasema ataongea na mwenye mali, barua tumeandika, nakala ninayo, nimehesabu siku kwenye kalenda.

Mzee wa noti karudi Ijumaa. Kaka niliyewatajia ndiye aliyekwenda mezani kwake na ndiye atakayekuwa anaihudumia hiyo meza. Ile elfu 10 nimeitoa, nimemnunulia mdogo wangu daftari na kalamu za muhula mpya.